Mungu Aliyekuja Kukaa na Watu

Siku ya Krismasi mwaka 1873, pale Mkunazini katika Mji Mkongwe wa Unguja, liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kwenye uwanja ambao miezi michache kabla ulikuwa soko la watumwa. Juni ya mwaka huohuo Sultani Barghash bin Said alikuwa ametia saini mkataba na Waingereza wa kuyafunga masoko hayo na kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari. Wamisionari Waanglikana wa UMCA wangeweza kutafuta kiwanja kingine, chenye upepo wa pwani na kisicho na kumbukumbu za machozi. Walikichagua kile. Mapokeo ya kanisa hilo yanaeleza kwamba madhabahu yake ipo mahali uliposimama mti ambapo watu walifungwa wakachapwa viboko kabla ya kuuzwa.

Kila ninapofika mbele ya madhabahu hiyo, moyo wangu huangukia kwenye wazo lilelile. Wakristo tunaamini kwamba Mungu aliyeumba mbingu na nchi alikuja akaishi miongoni mwa watu, naye akiwa mtu kamili. Fundisho hili tunalikariri tangu mafundisho ya ubatizo, tunaliimba kila Desemba, na kwa kulizoea tumelipunguzia uzito wake. Pale Mkunazini uzito wake unarudi. Maana kama Mungu kweli alikuja kukaa na watu, basi hata mahali ambapo binadamu alipigwa bei kama mzigo hapako nje ya makao yake. Ndiyo maana nashika kwamba imani hii hupimwa kwa mahali tunapokubali kukaa, na kwa watu tunaokubali kukaa nao.

Hamu ya Mungu ya kukaa na watu haikuanzia Bethlehemu. Kitabu cha Kutoka kinatuonyesha Waisraeli jangwani, watu waliotoka utumwani juzi tu, wasio na shamba wala kisima, wanaolala kwenye mahema. Mungu anamwagiza Musa atengeneze hema. Kitabu cha Hesabu kinaeleza liliposimikwa: katikati ya kambi, makabila yakapanga mahema yao kulizunguka pande zote nne. Hakuna aliyetakiwa kupanda mlima kulifuata. Kambi ilipohama, nalo lilikunjwa, likabebwa, likafuata njia ileile ya mchanga na jua.

Baadaye Mfalme Daudi, akiwa anaishi katika nyumba ya mierezi, aliona vibaya kwamba sanduku la Mungu bado limo hemani. Akanuia kumjengea Mungu nyumba. Jibu alilopelekewa na nabii Nathani hunigusa kila nilisomapo: Mungu alimkumbusha kwamba tangu alipowatoa watu Misri alikuwa akitembea nao hemani, na hajawahi kumdai kiongozi yeyote jumba la fahari. Hekalu lilikuja kujengwa na Suleimani, mwana wa Daudi. Naye, siku ya kuliweka wakfu, aliungama kwamba mbingu zenyewe hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba aliyoijenga.

Nyumba hiyo iliteketezwa na majeshi ya Nebukadreza yapata mwaka 586 kabla ya Kristo. Mtu angeweza kudhani kwamba Mungu naye amefukiwa chini ya kifusi. Lakini nabii Ezekieli, aliyekuwa ameshapelekwa uhamishoni Babeli, anasimulia kwamba utukufu wa Bwana ulimtokea hukohuko ugenini, kando ya mto Kebari, katikati ya mateka. Nyumba ilianguka, na mwenye nyumba alikuwa amewafuata watu wake. Nadhani wapo watu kambini Nyarugusu kule Kasulu, na Kakuma kule Turkana, wanaoielewa habari hiyo kuliko sisi tunaoisoma tukiwa tumeketi vitini mwetu.

Kisha ndipo inakuja Bethlehemu. Tumeipamba sana habari hii kwa taa na nyota za karatasi, hata umaskini wake umejificha. Luka anasema mtoto alilazwa horini kwa sababu hapakuwa na nafasi mahali pa wageni. Anasema pia kwamba wazazi walipompeleka hekaluni walitoa sadaka ya ndege wawili. Sheria katika kitabu cha Walawi ilitaka mwanakondoo. Ndege wawili ilikuwa ruhusa kwa asiyeweza kumnunua. Kwa hiyo tunajua hali ya nyumba ile. Mathayo anaongeza kwamba muda si mrefu familia ilikimbilia Misri usiku, ikiukimbia upanga wa Herode. Akiwa bado mtoto mdogo, yule ambaye sisi tunamwita Mwana wa Mungu alikuwa ameshakuwa mkimbizi.

Lakini mimi napenda zaidi kutafakari Nazareti. Luka anasema Yesu alikuwa na umri wa miaka kama 30 alipoanza kazi yake. Mahubiri na miujiza tunayosoma ilichukua miaka mitatu hivi. Miaka mingine yote, karibu maisha yake yote, ilipita katika kijiji kidogo kiasi kwamba Nathanaeli, aliposikia kimetajwa, aliuliza kama kweli kitu chema chaweza kutoka huko. Alikuwa fundi, mwana wa fundi. Alijifunza kushika zana, akajua bei ya mbao, akajua mteja anayelipa na anayekopa. Alizika wazee wa kijiji na kucheza na watoto wa majirani. Injili hazikuandika lolote kuhusu siku hizo, isipokuwa ile safari ya Yerusalemu alipokuwa na miaka 12, kwa sababu zilikuwa siku za kawaida kama zangu na zako.

Mungu angeweza kuitumia miaka hiyo kwa mambo makubwa, kama tunavyopima sisi ukubwa. Aliitumia kuishi. Mama anayeamka alfajiri kukanda unga wa maandazi, kijana anayeshinda gereji akiwa na mafuta hadi kwenye viwiko, mlinzi anayekesha getini kwa watu wasiojua jina lake: hao wote wana siku ambazo hakuna atakayeziandika. Imani ya Wakristo inadai kwamba Mungu anazijua siku hizo kwa kuziishi. Kwangu mimi hii ndiyo habari njema yenyewe, kabla hata hatujafika msalabani.

Kanisa la mwanzo lilipigania jambo hili kwa gharama kubwa. Mwanzoni mwa karne ya 4, padri mmoja wa Aleksandria nchini Misri, Ario, alifundisha kwamba aliyezaliwa Bethlehemu alikuwa kiumbe, bora kuliko viumbe vyote, lakini kiumbe tu. Fundisho hilo lilivuta wengi kwa sababu lilionekana kumlindia Mungu heshima yake, likamweka mbali na jasho, njaa na damu. Mtaguso wa Nisea mwaka 325 ulilikataa. Athanasio, aliyekuja kuwa askofu wa Aleksandria, aliutetea uamuzi huo hadi uzeeni, na watawala walimfukuza mjini mwake mara tano. Hadi leo, katika Misa, Wakatoliki huinama wanapofika kwenye maneno ya Umwilisho, yaani Mungu kufanyika mtu, katika Kanuni ya Imani, na siku ya Noeli hupiga magoti kabisa.

Wapo wanaoona huo ulikuwa ugomvi wa wasomi. Mimi naona waligombania jambo ambalo mwanakijiji yeyote wa kwetu analifahamu. Lilikuwa swali la kama Mungu alikuja mwenyewe au alituma mtu.

Sisi tunajua tofauti hiyo tangu utotoni, kwa sababu tumelelewa msibani. Mtu akifiwa, wapo wanaotuma rambirambi kwa simu, na Mungu awabariki, maana mchele na sukari vinahitaji fedha. Lakini wapo wanaokuja. Wanavua viatu mlangoni, wanaketi mkekani, hawana maneno mengi, na usiku wanalala palepale. Hakuna aliyewauliza wameleta nini. Tulipofiwa na baba yangu, nakumbuka salamu chache sana kati ya zile nyingi tulizoandikiwa. Namkumbuka vizuri jirani yetu, mama wa Kiislamu, aliyekaa na mama yangu tangu siku ya kwanza hadi tulipoanua matanga. Mama akilia, naye alilia. Mama akinyamaza, naye alinyamaza. Na vyombo vikichafuka, aliinuka akaviosha. Hakumfufua baba. Lakini mama yangu hakuwa peke yake, na tofauti ya mambo hayo mawili niliiona usoni mwake.

Hivyo ndivyo ninavyouelewa Umwilisho. Mungu hakututumia rambirambi. Alikuja msibani, akaketi. Na Injili ya Yohana inamwonyesha akifanya hivyohivyo kwenye msiba wa rafiki yake Lazaro: alijua atakalolitenda, lakini kwanza alisimama na dada wawili waliofiwa, na machozi yakamtoka.

Najua safu hii inasomwa pia na ndugu zangu Waislamu, na kwamba kwao kusema Mungu alifanyika mtu ni jambo lisilokubalika, kwa heshima kuu wanayoishika juu ya umoja wa Mungu. Sikuandika ili kubishana nao. Ninaeleza tu kile ambacho sisi tunakiamini, na ninakiri kwa shukrani kwamba mtu aliyenionyesha kwa vitendo maana ya kukaa na aliyeumia alikuwa mmoja wao.

Sasa turudi Unguja, kwa sababu huko aliishi mtu aliyelifuata fundisho hili hadi lilipompeleka. Frank Weston, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1871, alifika Zanzibar mwaka 1898, akafundisha katika chuo cha Kiungani, na mwaka 1908 akawekwa wakfu kuwa askofu wa Zanzibar. Mwaka mmoja kabla ya kuwa askofu alikuwa ametoa kitabu kuhusu fumbo hilihili, namna Kristo mmoja alivyo Mungu na mtu. Alikuwa mtu wa msimamo mkali, aliyegombana waziwazi na maaskofu wenzake, tena alikuwa mtu wa zama za ukoloni. Simsifu kwa kila jambo. Namtaja kwa sababu hakuliacha fundisho lake libaki kitabuni.

Vita ya kwanza ya dunia ilipofika Afrika Mashariki, majeshi yalitegemea wabeba mizigo, Waafrika waliochukua risasi, chakula na majeruhi kwa mabega na vichwa. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu, na jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni alama yao iliyobaki midomoni mwetu. Mwaka 1916 Weston alisaidia kuunda kikosi cha wapagazi wa Zanzibar, akakiongoza yeye mwenyewe, akatembea nao kwa miguu bara. Angeweza kubaki Mkunazini akiwaombea. Alikwenda.

Vita ilipoisha, mambo hayakuwa nafuu. Mwaka 1919 gavana wa koloni lililokuja kuitwa Kenya, Edward Northey, alitoa waraka uliowataka maofisa wa serikali wahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kila mtu alijua himizo la serikali lina maana gani kwa mwanakijiji. Baadhi ya viongozi wa makanisa walitaka tu masharti yalegezwe. Weston alikataa katakata, na mwaka 1920 akachapisha kijitabu ambamo aliwaita Waafrika hao watwana wa Uingereza. Hoja yake ilitoka palepale kwenye Umwilisho: kama Mungu ameuvaa ubinadamu, basi kumlazimisha binadamu kazi ni kumgusa Mungu mwenyewe.

Mwaka 1923 alialikwa London kuongoza mkutano mkubwa wa Waanglikana waliopenda ibada za fahari, wenye kuamini kwamba Kristo yumo kweli katika Ekaristi. Aliwapongeza kwa kupigania tabenakulo zao, visanduku vya kuhifadhia Ekaristi. Kisha akawaambia kwamba hawana haki ya kudai wanamwabudu Kristo aliyemo humo kama hawamwonei huruma Kristo aliye katika mitaa ya walala hoi. Kwamba wakishatoka kanisani waende wakamtafute kwa walio uchi, waliodhulumiwa na waliokata tamaa, wawaoshe miguu. Mwaka uliofuata alifariki Hegongo, Magila, katika nchi ya Tanga. Hotuba ile inakumbukwa hadi leo, na naamini tunaihitaji kuliko wale walioisikia kwa masikio yao.

Kwa maana hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Tunafurahi kwamba Mungu alishuka, lakini sisi wenyewe tunataka kupanda. Tunachangishana kwa miaka tujenge kanisa lenye vigae na viyoyozi, na si vibaya kumjengea Mungu mahali pazuri. Lakini ukuta ukipanda hadi yule anayeuza karanga nje ya geti aone aibu kuingia na kandambili zake, tumemjengea nani? Tunatenga viti vya mbele kwa wenye nafasi zao, wakati Barua ya Yakobo ilishalikemea jambo hilo tangu karne ya kwanza. Na wapo wanaohubiri kwamba dalili ya Mungu kukaa na mtu ni gari na nyumba. Kwa kipimo hicho Mungu hakuwahi kukaa Nazareti.

Kuna swali gumu zaidi, nami silikwepi. Mzazi aliyekesha wodini na mtoto wake, akamwona anakata roho alfajiri, anaweza kuniuliza: huyo Mungu anayekaa na watu alikuwa wapi? Nimeulizwa swali hilo na watu ninaowapenda. Sina jibu la kuondoa maumivu yao, na namwogopa mtu anayejifanya analo. Ninachoweza kusema ni kwamba imani hii haikuwahi kuahidi kuwa atakayekaa na Mungu hatafiwa. Yule aliyekuja kukaa nasi aliuawa nje ya mji, kati ya wahalifu wawili, akimlilia Mungu kwa nini amemwacha. Mungu wa Wakristo analijua swali la mzazi huyo kutoka ndani, kwa kuwa na yeye aliliuliza. Ni jibu dogo kwa aliyeumia, nami nalitoa kwa unyenyekevu. Lakini kwangu limetosha kunifanya niendelee kusali.

Tena kukaa na aliyeumia hakuishii kwenye kukaa. Aliyeketi na wafungwa wa kesi zisizosikilizwa hawezi kunyamaza kuhusu mahakama. Aliyekaa na mama anayejifungulia sakafuni hataridhika na hotuba za bajeti. Weston hakuanza kwa kuandika kijitabu. Alianza kwa kutembea na wapagazi, na macho yake yakaona alichokuja kukiandika. Ukaribu ndio unaozaa ukweli wa kusema. Anayesema juu ya maskini kutoka mbali hukosea hata anapokusudia mema, na anayewatetea bila kuwajua kwa majina huchoka mapema.

Biblia inafungwa kwa maono ambayo mara nyingi tunayasoma kinyume. Tunazungumza kana kwamba mwisho wa yote ni watu kuchukuliwa kwenda juu, kuiacha dunia ilivyo. Kitabu cha Ufunuo kinaonyesha mji ukishuka kutoka mbinguni, Mungu akihamia kwa watu na kuwafuta machozi kwa mkono wake. Toka hema la jangwani hadi mji huo, mwendo wa Mungu ni mmoja, nao ni wa kushuka na kukaribia. Anayetaka kutembea naye hana budi kuelekea huko aendako.

Kwa hiyo, ndugu msomaji Mkristo, nakuomba jambo lililo ndani ya uwezo wako na wangu. Katika mtaa wako yupo mgonjwa ambaye watu wameacha kumtembelea kwa sababu ameugua muda mrefu. Yupo mjane ambaye baada ya arobaini hakuna aliyerudi. Yupo kijana aliyetoka gerezani ambaye kila mlango anaobisha unafungwa. Nenda. Usiende na hotuba, wala usisubiri hadi upate fedha za kupeleka. Keti naye muda wa kutosha kumjua, kisha simama upande wake pale haki yake inapozungumzwa, hata kama kusimama huko kutakugharimu marafiki. Waliolijenga kanisa la Mkunazini waliweka madhabahu mahali palipotiririka machozi, wakatuachia ushuhuda wa mawe. Kizazi chetu kinadaiwa ushuhuda wa watu walio hai, walioamini kwamba Mungu anakaa na wanadamu, na kwa kuamini hivyo wakaenda kukaa nao.